Katika Kuchagua Bizimu

Mtu anunuapo mshipi, hatamu ya punda, au mkanda wa kufungia tandiko, aghalabu huanza kwa kuitazama ngozi: huikunja, huinusa, huibonyeza kwa kidole gumba apate kujua ikiwa imeshiba mafuta au imekauka, akisharidhika nayo huukagua ushoni, na mwisho wa yote, ilhali mkono umekwisha kuingia mfukoni kutafuta fedha, huitupia jicho bizimu, na akiiona inang'aa basi hana neno tena. Mimi nimeifanya kazi ya ngozi tangu ujana wangu, kwanza Lamu nilikozaliwa, kisha Mombasa, na baadaye bara katika mji wa Moshi, nami nimefikia kuamini kwamba utaratibu huo unapasa kupinduliwa. Bizimu ndiyo ya kutazamwa kwanza. Na katika bizimu yenyewe, swali la kutangulia ni jinsi itakavyofunguka, na ni nani atakayeifungua, na mikono yake itakuwa katika hali gani saa hiyo. Kushika ni kazi ambayo karibu kila bizimu huiweza.

Karakana niliyojifunzia ilikuwa chumba kimoja kirefu katika mtaa wa Langoni, chenye baraza mbele yake, na fundi aliyenikubali niwe mwanafunzi wake alishona makubadhi asubuhi na matandiko ya punda alasiri. Kwani katika mji ule, ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda ndiye aliyebeba mawe ya matumbawe, mchanga, boriti na magunia ya unga tangu zamani za mababu, na hata leo bado ndiye mbebaji. Bizimu zake alizihifadhi katika visanduku vya bati vilivyopangwa ukutani kwa kadiri ya upana. Nyingine zilikuwa mpya, zimetoka Walsall, mji wa Uingereza ambao kwa muda mrefu umeishi kwa kushona matandiko na kufua vyuma vya farasi, hata timu yake ya kandanda ikapata lakabu ya Mafundi wa Matandiko. Na nyingine zilikuwa kuukuu, zimefumuliwa katika mikanda ya askari iliyouzwa mnadani baada ya vita, nazo hizo kuukuu ndizo alizozipenda zaidi, kwa kuwa, kama alivyosema, zilikwisha kufanya mtihani wao mbele ya watu wengine.

Zile mpya alizifanyia mtihani mwenyewe. Kwanza aliiangusha bizimu juu ya kizingiti cha jiwe akaisikiliza: shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, hulia sauti nyembamba inayokawia, na zinki iliyoyeyushwa ikamiminwa katika kalibu kisha ikapakwa rangi ya shaba hutoa kishindo kifupi kisha ikanyamaza. Pili aliipima kiganjani, maana shaba ya manjano ina uzito wa takriban mara nane na nusu ya maji ya ujazo ule ule, na hiyo zinki ya kalibu ina mara sita na zaidi ya nusu kidogo, na mkono uliozoea huitambua tofauti hiyo bila ya mizani. Tatu aliisogezea sumaku. Nami hapa nataka kuwatahadharisha wanunuzi, kwani wengi wamesikia habari ya sumaku wakaifanya kuwa hakimu wa mwisho, ilhali sumaku hufichua chuma kilichovikwa shaba na kuiachia zinki ipite, kwa kuwa zinki nayo haivutwi. Ndiyo maana alimalizia kwa tupa, akikwaruza kidogo upande wa nyuma wa mhimili, mahali patakapofunikwa na ngozi: palipokuwa na rangi ya manjano hadi ndani, bizimu ilipita, palipotokea weupe, ilirudishwa kwa mwenye duka.

Baada ya hayo ulikuwapo mtihani mmoja wa mwisho, ambao sijauona kwa fundi mwingine yeyote, nami nauendeleza hadi leo. Alichukua uzi wa pamba usiotiwa nta akaupitisha polepole kuuzunguka upande wa ndani wa fremu na juu ya mhimili, kisha akaupitisha ubavuni mwa ulimi. Kila mahali uzi uliponasa, hapo palikuwa na ukali ambao jicho halikuuona na ambao, kwa kusugua siku baada ya siku, ungeukata ushoni au kuila ngozi kwenye mkunjo wake. Mahali hapo alipalainisha kwa tupa ndogo na kupangusa kwa majivu. Ulimi wenyewe aliutazama unavyolala: ulitakiwa ukae ndani ya kishimo chake katika ukingo wa mbele, usichomoze nje hata kidogo, wala usiwe mfupi hata kuelekea kupenya chini ya ukingo ukanda ukivutwa. Na katika bizimu zilizotengenezwa kwa waya uliopindwa, alitafuta kiungo, yaani mahali ambapo ncha mbili za waya hukutana. Kikiwa kimechomelewa alikubali, na kikiwa kimeachwa wazi, ncha zikigusana tu, aliikataa bizimu hiyo kwa kazi yoyote ya mnyama, kwa maana nguvu ikizidi ncha hizo huachana, na ukanda huteleza ukatoka wote.

Juu ya madini yenyewe, mtu wa pwani hana haja ya kuhubiriwa sana kuhusu kutu, kwani ameiona ikila misumari na bawaba za milango yake. Lakini liko jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni kwamba chuma na ngozi iliyotiwa dawa ya magome ni mahasimu wa tangu asili. Ngozi zetu za wakati ule zilitiwa dawa kwa magome ya mkandaa, yale magome mekundu ya mikoko ambayo zamani yalipakiwa melini kwa wingi kutoka pwani hii kwenda kwenye viwanda vya ngozi vya ng'ambo. Na ile dawa iliyomo ndani ya magome, ikutanapo na chuma katika unyevu, hutoa weusi ule ule ambao watu wa kale waliutumia kutengenezea wino. Bizimu ya chuma iliyochubuka huanza kwa doa jeusi dogo kwenye mkunjo, kisha doa hutambaa, na ngozi ya mahali hapo hukauka na kupasuka kabla ya chuma chenyewe kudhoofika. Hata mwenye mali huilaumu ngozi, ilhali mkosaji ni bizimu. Shaba haina madhara hayo. Yenyewe, ikikaa na ngozi iliyopakwa mafuta, hutoa uchafu wa kijani unaofanana na nta, kwa sababu mafuta huishambulia ile shaba nyekundu iliyomo ndani yake, lakini uchafu huo hufutwa kwa kitambaa na kazi ikaendelea.

Hata hivyo shaba nayo si malaika. Ikikaa katika maji ya chumvi miaka mingi huweza kupoteza zinki yake, ikageuka rangi ya waridi, ikabaki na umbo lake bila ya nguvu zake. Na jambo la kustaajabisha zaidi, nililolisoma nikiwa mtu mzima na likanifafanulia mengi niliyoyaona zizini, ni lile la risasi za jeshi la Waingereza huko Bara Hindi katika karne ya 19. Risasi zile, ambazo maganda yake yalikuwa ya shaba ya manjano, zilihifadhiwa katika mazizi ya farasi wakati wa masika, na zilipotolewa zilikutwa zimepasuka nyufa bila ya kupigwa wala kuanguka. Na ilikuwa mpaka mwaka 1921 ndipo wataalamu walipoeleza sawasawa kwamba mvuke wa mkojo wa farasi, ukikutana na unyevu na kuipata shaba ambayo ndani yake bado mna mkazo wa kufuliwa, huipasua. Tangu siku niliyoyasoma hayo nimekuwa nikimsihi kila mwenye punda asiitundike hatamu yake ndani ya zizi usiku, bali nje, penye hewa, hata kama kwa kufanya hivyo atalazimika kuilinda na wezi.

Wako watu watakaosema kwamba nayakuza mambo madogo, na kwamba bizimu ni pambo. Ziko bizimu za pambo, nami sizidharau. Ule mshipi unaobeba hanjari, ambao Waarabu wa Omani huuvaa kiunoni siku za heshima, na ambao Unguja pia ulivaliwa kwa taadhima ile ile, aghalabu huwa na bizimu ya fedha iliyonakshiwa kwa ustadi wa hali ya juu, na fundi wangu alipoletewa mshipi wa namna hiyo kuutengeneza aliosha mikono kwanza. Lakini mshipi ule huvaliwa na mtu mmoja aliyesimama wima, naye huuvua mwenyewe nyumbani kwake, kwa wasaa wake, akiwa salama. Bizimu ya mnyama na bizimu ya msafiri hazikupewa nafasi hiyo.

Hilo nililishuhudia gatini, katika msimu wa kusi, siku ambayo jahazi lilikuwa likipakua mchanga na maji yalikuwa yakijaa. Punda mmoja, aliyefungwa kigwe chake kwenye pete ya chuma ya gati wakati akisubiri kupakiwa, aliteleza juu ya mawe yenye mwani akaanguka kati ya gati na jahazi, na kwa kuwa kigwe kilikuwa kifupi, kichwa kilibaki kimening'inia na mwili wote ukawa majini, na kila wimbi lilipolisukuma jahazi ndipo alipobanwa zaidi. Kijana aliyekuwa naye aliruka majini bila ya kusita, akaishika bizimu ya hatamu kwa mikono miwili, na mimi niliyekuwa juu ya gati niliiona vizuri: bizimu ya shaba safi, pana ya inchi moja, imeshonwa kwa uzi wa katani uliotiwa nta, haina ila yoyote. Kijana alivuta, akasukuma, akaingiza kucha chini ya ulimi, na ule ulimi haukutikisika. Baharia mmoja alishuka na kisu, akaukata ukanda wa shavuni kwa mikokoto miwili, na punda akaenda chini kisha akaibuka, akaogelea mwenyewe hadi ufukweni, akatoka akitetemeka.

Jioni ile hatamu iliyokatwa ililetwa karakanani. Fundi wangu aliiweka magotini akaigeuza huku na huku, na nilipomwuliza, "Fundi, hii bizimu ilikuwa na kasoro gani?", alinijibu kwa upole, "Haikuwa na kasoro, mwanangu. Ndiyo sababu nataka uitazame vizuri." Akaivisha hatamu ile juu ya kinu kilichokuwa pale, akaifunga upya kwa kipande kingine cha ukanda, akaning'iniza jiwe zito kwenye pete ya kigwe, akaniambia nifungue. Sikuweza. Akaliinua jiwe kidogo kwa mkono wake, na bizimu ikafunguka kwa vidole viwili.

Sababu yake ni rahisi kueleza, na bado nawaona mafundi wazima ambao hawajapata kuifikiri. Ulimi wa bizimu hupita ndani ya tundu la ukanda ukalala juu ya ukingo wa mbele wa fremu, na kadiri mzigo unavyouvuta ukanda ndivyo ulimi unavyokandamizwa juu ya ukingo huo. Na ili ulimi usimame na kutoka tunduni, huna budi kwanza kuuvuta ukanda kwa upande wa kubana, ukapita kipimo ulichofungiwa, walau kwa urefu wa nusu ya ulimi wenyewe. Maana yake ni kwamba kila bizimu ya ulimi, hata iwe madhubuti na nzuri kiasi gani, kabla ya kumwachia aliyefungwa humtaka akubali kubanwa zaidi kuliko alivyobanwa. Na kiumbe aliyekwisha kubanwa hadi mwisho, awe punda anayening'inia au mtu aliyeangukiwa na mzigo, hana tena nafasi hiyo ya kutoa. Ni kifaa cha wakati wa utulivu. Kwa kazi ya utulivu sijaona kinachokishinda, kwani hakina sehemu ya kuchoka, na ulimi ukivunjika hata msumari uliopindwa unaweza kushika zamu yake. Lakini mtu anayekichagua lazima ajue kwamba amechagua pia saa ambayo hakitafunguka.

Kutokana na jambo lile, karakana yetu ilibadili desturi zake. Bizimu ya hatamu, ambayo wengine waliishona chini ya taya kwa kuwa huko haionekani, tuliihamishia juu, kwenye shavu la kushoto, upande ambao mchungaji husimama, na mahali ambapo mkono hufika hata kichwa kikiwa kimevutwa chini. Tuliacha matundu yaanze mapema zaidi, ili vidole viwili vipite kati ya ukanda na mfupa hata mtu afunge kwa pupa vipi. Na chini ya kila bizimu tuliweka kipande cha ngozi laini kilichozidi bizimu yenyewe kwa upana, kwa maana mengi katika yale madonda ya mashavuni na mbavuni yanayoonekana kwa punda husababishwa na mhimili wa chuma unaosugua juu ya mfupa. Nami nilipokuwa nikirudi Lamu katika miaka ya baadaye, baada ya kufunguliwa mwaka 1987 kile kituo cha kutibu punda kilichoanzishwa na shirika la hisani la Uingereza, nilifurahi kuona wachungaji wakianza kuuliza wenyewe habari ya kipande hicho, jambo ambalo zamani tulilazimika kuwasihi.

Moshi nilikutana na mnyama ambaye sikumzoea. Nilikulia katika mji ambao mbwa hakai nyumbani, wala sikuwahi kushona ukanda wa shingo yake. Lakini wenye mashamba ya kahawa na walinzi wa majumba waliuhitaji, na kazi ni kazi, nayo amana haichagui mnyama. Niliyoyajifunza kwa punda yalinifaa sana huko. Mbwa wawili wanaocheza huumana shingoni, na hutokea taya la mmoja likaingia chini ya mkanda wa mwenziwe, kisha mmoja akajigeuza. Mkanda husokotwa, wa ndani hukosa pumzi na wa nje hukwama kinywa, na binadamu anayekuja mbio hukuta bizimu ya ulimi ambayo haiwezi kufunguliwa mpaka mbwa abanwe zaidi. Kwa mbwa wanaoachiwa pamoja nimeacha kabisa kutumia ulimi. Hao nawashonea ile bizimu ya vipande viwili, ambayo watu huiita klipu, yenye mabawa mawili yanayoingia ndani ya ala na kutoka yakibinywa ubavuni. Ninaichagua ile iliyopinda kidogo ili ifuate mviringo wa shingo, na pete ya kamba naishona mahali ambapo, mbwa akivuta, nguvu itapita katika mkanda uliokunjwa mara mbili, wala isiitegemee klipu peke yake. Kwa mbwa mmoja wa mlinzi, anayefungwa kwa kamba mchana kutwa na kufunguliwa usiku na mkono ule ule, ulimi wa shaba bado ni bora, nami sioni sababu ya kuukataa.

Lakini walionifundisha zaidi ni wapagazi wa Kilimanjaro. Mzigo wa mpagazi mlimani umewekewa ukomo wa kilo 20, na mzigo huo hubebwa katika mabegi yaliyokwisha kupita katika mikono ya wageni wengi, yenye mikanda ya nailoni na klipu za plastiki zilizochoka. Begi likikatika njiani, mpagazi hulifunga kwa kamba hadi atakaporudi mjini, kisha huniletea. Mmoja wao, mtu wa Marangu aliyekuwa amepanda mlima tangu ujana wake, aliliweka begi lake juu ya meza yangu akaniambia, "Mzee wangu, nipe kitu nitakachokifungua kwa meno." Nilimwomba aeleze. Akanieleza habari ya usiku wa Kibo, katika kibanda kilicho mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, ambapo wageni huamshwa karibu na usiku wa manane ili wapande kileleni, na baridi huwa imekwisha kuyagandisha maji ndani ya chupa. Vidole havina hisia, glavu ni nene, na mgeni mmoja ameanza kutapika na anahitaji nguo kavu iliyomo chini kabisa ya begi. Katika hali hiyo, akasema, bizimu ndogo ni sawa na kufuli lililopotea ufunguo.

Nilikaa na begi lile kwa muda, nikiiwaza kazi ile upya. Kwenye kifuniko niliweka klipu pana kuliko ilivyohitajika kwa nguvu, kwa sababu upana wake ulikuwa kwa ajili ya glavu. Na niliichagua nyeusi, ya plastiki ile ngumu iitwayo asetali, ambayo hainywi maji kama nailoni, na ambayo weusi wake wa masizi huikinga na jua kali la juu ya mawingu, jua linaloifanya plastiki nyeupe kuwa kama ganda la yai baada ya misimu michache. Na kwa mikanda ya ubavuni, ile inayokaza mzigo, niliacha klipu nikatumia kishikizo cha ngazi, kile kibao chenye vipandio ambavyo mkanda hupita juu na chini yake: hiki ukivuta ncha ya mkanda hukaza, na ukiinua ukingo wake huachia mara moja, hata kama mzigo wote unaning'inia juu yake. Kwenye ukingo huo nilifunga kigwe kifupi chenye fundo nene, la kushikwa kwa ngumi, au kwa meno. Nilipomwonyesha alivuta fundo lile kwa meno palepale mbele ya wateja wengine, begi likiwa limejaa mawe, na mzigo ukashuka.

Nikiri pia upande wa pili wa klipu, maana sipendi kumsifia mteja kitu hadi asione ila yake. Bawa likivunjika, na katika baridi kali huvunjika kwa kukanyagwa mara moja tu, hakuna msumari wala waya utakaolirudisha. Kwa hiyo kila begi ninalolitengeneza kwa ajili ya mlima nalitia mfukoni klipu moja ya akiba, yenye mhimili uliokatwa katikati, ambao mkanda huweza kuingizwa kwa ubavu bila ya kufumua wala kushona. Na mkanda wenyewe nauchagua wa poliesta pale nipatapo, kwa kuwa nailoni ikilowa hurefuka na mzigo uliokazwa asubuhi hulegea ifikapo adhuhuri.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hunitaka niwape vipimo, nami huwapa, ingawa vipimo ndiyo sehemu nyepesi. Bizimu hupimwa kwa upana wa ndani, pale ambapo ukanda utapita, wala si kwa upana wa nje. Ukanda wa inchi moja hutaka bizimu ya inchi moja kamili ndani, na ukiwa mnene hutaka nafasi ya unywele zaidi, maana ngozi iliyolowa huvimba. Matundu yawe kwa hesabu ya witiri, ili lile la katikati ndilo liwe la kila siku na pande zote mbili zibaki na nafasi. Bizimu yenye gurudumu kwenye ukingo wa mbele ni njema kwa mkanda wa tumboni unaokazwa kila asubuhi, kwani gurudumu huiponya ngozi na msuguano, ila kwa punda wa mchanga siitumii, kwa sababu chembe za mchanga huingia ndani ya gurudumu likakwama, na gurudumu lililokwama ni tupa. Zaidi ya hapo nawaambia wakakae sokoni wakatazame mikono ya watu.

Siku hizi liko chaguo ambalo fundi wangu hakulipata, nalo ni chuma kisichoshika kutu, na kila anayefanya kazi karibu na bahari ajue kwamba si cha namna moja. Kile cha kawaida, kinachoitwa 304, kina kromu kiasi cha asilimia 18 na nikeli kiasi cha 8, nacho bara hukaa maisha. Lakini hewa ya chumvi hukitoboa vidoa vya kahawia, na kwa pwani inafaa kile cha 316, kilichoongezewa molibidenamu, ambayo ndiyo inayokikinga na chumvi. Tatizo lake ni bei. Mwenye punda wa Lamu, ambaye ujira wa safari moja ya mchanga ni wa kununulia unga wa jioni, hawezi kulipa kwa bizimu moja fedha ya siku kadhaa, na mimi sikubali kwamba kwa sababu hiyo mnyama wake akose njia ya kuokoka.

Huyo namwambia aichukue bizimu ya ulimi aliyo nayo, kuukuu ikiwa lazima, madhali imepita mtihani wa uzi, na kwamba akifunga punda asikifunge kigwe moja kwa moja kwenye pete ya gati. Atengeneze kitanzi cha kamba nyembamba ya usumba, akifunge kwenye pete, kisha kigwe akifunge kwenye kitanzi. Kamba ya usumba hupatikana kwa bei ya karibu na bure, na huoza, kwa hiyo aibadilishe kila mwezi unapoandama. Na unene wake aupime kwa mikono yake mwenyewe: iwe kamba ambayo mtu mzima, akiizungusha katika ngumi zake mbili na kuivuta kwa ghafla, huikata, lakini akiivuta polepole haikatiki. Punda aliyetulia hatakata kamba hiyo kutwa nzima. Anayeanguka ataikata kwa uzito wake mwenyewe kabla ya kijana hajafika kwenye bizimu.